Utamu na Siku Yake

Mtu hazaliwi akipenda pilipili, wala hazaliwi akipenda kahawa chungu. Mambo hayo hufundishwa na miaka. Utamu haufundishwi. Mtoto mchanga akitiwa tone la maji ya sukari ulimini hutulia akaramba midomo, na chakula chake cha kwanza, maziwa ya mama, nacho ni kitamu. Kwa hivi mwandishi atakaye kusimulia habari za vyakula vya anasa, kama vile halua, kashata, kaimati, keki na peremende, hatendi haki akianza kwa kumlaumu mlaji. Tamaa ya utamu tumezaliwa nayo. Swali la haki ni jingine: kwa nini watu wa zamani waliupenda utamu kwa moyo wote wasidhurike nao sana, na sisi tumefanya nini hata ugonjwa mmoja mkubwa wa zama zetu ukaitwa kwa jina la sukari? Waganga wana jibu lao, nalo ni la kweli. Historia nayo ina jibu lake, na hilo ndilo tutakalolitafuta hapa.

Muwa ulianza kupandwa na watu katika kisiwa cha New Guinea, maelfu ya miaka kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Kutoka huko ulisafiri hata ukafika Bara Hindi. Mnamo mwaka 325 kabla ya Kristo, Nearchus, jemadari wa merikebu za Iskandar Mkuu, alileta kutoka nchi ya mto Indus habari za matete yatoayo asali pasipo nyuki. Mgiriki huyu hakukosea sana. Lakini asali ile ya matete ilikuwa na masharti. Mlaji alimenya, aking'ata na kutafuna, akatema makapi, na kabla hajamaliza pingili tatu taya zilikuwa zimekwisha kuchoka. Muwa ulijilinda wenyewe, tena ulimlinda na mlaji.

Wahindi ndio waliomwondoa mlinzi huyo. Zaidi ya miaka 1,500 iliyopita walijua kukamua maji ya miwa, kuyachemsha, na kuyagandisha yakawa chembe ngumu. Chembe hizo waliziita sharkara, neno ambalo maana yake ya kwanza ni changarawe. Waajemi walisema shakar, Waarabu wakasema sukkar, nasi tukasema sukari. Tazama jinsi lugha inavyotunza habari za watu wake. Muwa na miwa ni maneno yaliyo katika ngeli moja na mti na mgomba, kama kitu cha shambani kwetu. Sukari ni neno lililoshuka jahazini. Hata guru, katika sukari guru, ni neno la Kihindi.

Basi pwani yetu ililaje katika siku hizo? Tunao mashahidi wawili wageni. Wa kwanza ni Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, aliyepita katika pwani hii mwaka 1331. Mjini Mogadishu aliandikiwa ugeni wa heshima na kuletewa wali uliopikwa kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, mtindi, achari ya malimau na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Alikula akafurahi, kisha akaandika kwa mshangao kwamba mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba wenyeji ni wanene mno. Msomaji na asidhani, basi, kwamba zamani watu wote walikuwa wembamba na wenye kiasi. Palipokuwa na utajiri palikuwa na ulafi. Lakini kutoka Mogadishu Ibn Battuta alifika Mombasa, na huko aliona kwamba chakula cha watu ni ndizi na samaki, na kwamba nafaka huletwa kutoka barani. Miji miwili ya pwani moja, na sinia mbili zisizofanana.

Shahidi wa pili ni shajara ya merikebu za Vasco da Gama. Mreno huyo alipotia nanga mbele ya Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1498, mfalme wa mji alimpelekea kondoo mmoja, machungwa mengi, malimau na miwa, pamoja na pete kuwa dalili ya amani. Amani ile haikudumu wiki moja, lakini hilo ni somo jingine. Linalotuhusu sisi ni miwa. Ilikuwa zawadi inayostahili kutoka kwa mfalme kwenda kwa mgeni asiyejulikana nia yake. Utamu ulikuwa ni heshima, na heshima haitolewi kila saa.

Barani mambo yalikuwa hayo hayo, ila badala ya muwa kulikuwa na asali. Wakamba walitundika mizinga ya magogo mitini. Waogiek walijua kila mti wa msitu wa Mau wenye nyuki. Asali iliingia katika mahari, katika dawa na katika maombi ya wazee. Kwa Wakikuyu pombe ya asali, ndiyo muratina, ilikuwa ni ya wazee, tena kwa shughuli maalumu, wala kijana hakuikaribia. Mrina asali alipanda mti usiku na moshi mkononi, akashuka na mwili uliovimba kwa miiba. Chakula kinachopatikana kwa namna hiyo hakihitaji tangazo la serikali la kuwaonya watu wasikile kupita kiasi.

Wala wazee hawakuwa hawaijui hatari. Waganga wa kale wa India waliandika juu ya ugonjwa walioupa jina la mkojo wa asali. Waliona sisimizi wakiufuata mkojo wa mgonjwa, na wakasema kuwa huwapata sana matajiri wanene wapendao kukaa. Ibn Sina, ambaye kitabu chake kikubwa cha uganga kilikamilika karibu na mwaka 1025, naye aliujua utamu wa mkojo huo. Waswahili hawakuandika vitabu vya uganga juu ya jambo hili, lakini walisema kwamba mchovya asali hachovyi mara moja, na wakaongeza kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Methali ya kwanza ni elimu ya tamaa ya mtu, na ya pili ni elimu ya hesabu. Kati ya hizo mbili mna karibu yote ambayo wataalamu wa leo wametumia makaratasi mengi kuyathibitisha.

Ni nini, basi, kilichoharibu mpango huu wa zamani? Jibu ni moja: bei. Sukari ilikuwa rahisi, na urahisi wake ulinunuliwa kwa damu ya Waafrika.

Waarabu walikuwa wameeneza kilimo cha miwa hata Misri, Sicily na Hispania. Katika karne ya 15 Wareno walikipeleka katika kisiwa cha Madeira. Mwaka 1493 Columbus, katika safari yake ya pili, alichukua miche ya miwa hadi kisiwa cha Hispaniola, na kuanzia hapo historia ya utamu ikawa historia chungu. Katika muda wa miaka zaidi ya 350 Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa merikebuni kuvushwa bahari ya Atlantiki, na karibu milioni 2 kati yao hawakuiona nchi kavu tena. Si wote waliopelekwa katika mashamba ya miwa, lakini Brazil na visiwa vya Karibi, nchi za sukari, vilipokea sehemu kubwa kuliko nchi nyingine zote. Wakati wa mavuno vinu vilisaga mchana na usiku, kwa kuwa muwa uliokatwa huchacha upesi. Mtumwa aliyesinzia akiwa analisha kinu aliweza kuvutwa mkono na magurudumu, na mahali pengi shoka liliwekwa karibu ili mkono ukatwe kabla mwili wote haujafuata. Kule Uingereza, sukari ile ile ilikuwa imo katika bakuli la udongo mzuri, karibu na birika la chai.

Hesabu za Uingereza zinasema wazi. Karibu na mwaka 1700 kila mtu alikula kwa wastani ratili kama 4 za sukari kwa mwaka. Karibu na mwaka 1800 zilikuwa ratili 18. Ilipofika mwaka 1900 zilikuwa 90 hivi. Kitu kilichokuwa kikifungiwa kabatini na tajiri kimekuwa chakula cha mfanyakazi wa kiwandani, ambaye alikunywa chai tamu na kula mkate wenye jamu kwa sababu hakuwa na nafasi ya kupika wala fedha ya kununua nyama. Lazima tukiri pia kwamba si watu wote waliofumba macho. Kuanzia mwaka 1791 maelfu ya familia za Uingereza ziliacha kutia sukari ya watumwa katika chai yao, na wenye kuongoza jambo hilo nyumbani walikuwa wanawake. Hapo, labda kwa mara ya kwanza katika nchi ile, mlaji aliulizwa si kama kitu ni kitamu, bali kimepatikanaje.

Na tusijidanganye kwamba sisi tulitazama tu kutoka mbali. Katika karne ya 19 kingo za mto Pangani, katika Tanzania ya leo, zilijaa mashamba ya miwa, na watumwa ndio waliolima na kuchemsha guru. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya watu wa pwani juu ya Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa mjini Pangani mwaka uliofuata, alikuwa naye mwenye shamba la miwa. Mtu aweza kuwa shujaa mbele ya mgeni na bwana wa watumwa nyuma ya nyumba yake. Historia haina haya kutuonyesha yote mawili.

Kwetu Kenya sukari ya kiwandani ilipanda bara pamoja na reli. Njia ya gari la moshi ilifika Kisumu mwaka 1901, na kandokando yake yakachipuka maduka ya Wahindi, yenye chumvi, mafuta ya taa, shuka na sukari. Mwaka 1903 majani ya chai yalipandwa Limuru kwa mara ya kwanza katika nchi hii. Mwaka 1922 kiwanda cha sukari kilianza kazi Miwani, karibu na Kisumu, na mwaka 1927 kingine kule Ramisi, kusini mwa Mombasa. Mumias ilifuata mwaka 1973. Vitu hivi vitatu, yaani reli, majani ya chai na kiwanda, vilikutana katika kikombe kimoja, na kikombe hicho kikawa chai ya Kenya: maziwa, majani na sukari nyingi, vikachemshwa pamoja.

Jambo moja la kupendeza halikufa. Hata leo mtu aendaye kuwasalimu wazee wake kijijini hufungasha pakiti ya sukari, na aendaye matangani hufanya hivyo hivyo. Ile miwa ya mfalme wa Mombasa bado inatembea. Lakini zawadi imekuwa nyepesi kwa mpokeaji, maana sukari anayo, na chai ya asubuhi, ya saa nne, ya alasiri na ya usiku zimekwisha kuwa desturi.

Hapo ndipo penye kiini cha neno letu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kutiwa katika chakula na kinywaji isizidi sehemu 1 katika 10 ya nguvu zote ambazo mtu huzipata katika chakula cha siku. Tena ni bora zaidi ikiwa haizidi sehemu 1 katika 20, ambayo ni kama gramu 25, au vijiko vidogo 6. Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Mtu anayetia vijiko 3 katika kikombe, akanywa vikombe 4, amekula vijiko 12, karibu gramu 50. Amekwisha kuufikia ule mpaka wa juu kabisa, naye bado hajaonja kitu chochote cha anasa. Hajala kashata, hajala keki, wala hakumbuki kwamba amekula kitu kitamu. Sherehe imemponyoka bila kusherehekewa. Chupa moja ya soda, yenye gramu 30 hivi, humaliza kazi hiyo upesi zaidi.

Kwa hivi si haki kumwekea lawama zote muuza kaimati. Tena ni vema kusema hapa kwamba ugonjwa wa kisukari hautoki katika sukari peke yake. Iko aina iwapatayo watoto ambao hawakufanya kosa lolote la kula, na aina ya ukubwani ina sababu nyingi: nasaba, unene, kukaa bila kazi ya mwili, na vyakula vya kila namna vilivyozidi. Mwaka 2021 wagonjwa watu wazima walikadiriwa kuwa milioni 537 duniani. Watu wengi kiasi hicho hawakuugua kwa sababu ya harusi na sikukuu.

Je, kuna taifa lililopata kurudisha utamu katika kiasi chake? Liko moja lililofanya hivyo kwa kulazimishwa. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, manowari za Ujerumani zilizamisha merikebu za mizigo, na Uingereza ikaigawa sukari kwa kipimo kuanzia mwezi wa Januari mwaka 1940. Kwa muda mrefu fungu la mtu mmoja lilikuwa karibu na nusu ratili kwa wiki. Peremende nazo ziliingizwa katika mgao mwaka 1942. Hazikukatazwa, kila mtoto alikuwa na fungu lake, akalingoja, akalihesabu, akalila polepole. Mgao wa peremende ulipokwisha mwezi wa Februari mwaka 1953, watoto walikimbilia madukani na senti zao, na sukari ilipofunguliwa mwezi wa Septemba mwaka huo huo, watu walikula karibu mara mbili ya kipimo cha zamani.

Miaka 70 baadaye wataalamu walilinganisha waliotungwa mimba na kulelewa katika siku za mgao na wale waliozaliwa baada yake. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2024, yalionyesha kwamba waliopitia mgao tangu tumboni mwa mama hadi utotoni walikuwa na hatari ndogo ya kisukari cha ukubwani kwa sehemu 35 hivi katika 100, na ya shinikizo la damu kwa sehemu 20. Hao si watu walionyimwa utamu. Ni watu ambao utamu wao ulikuwa na kipimo.

Sweden ilifika karibu na mahali hapo kwa njia nyingine, nayo haikuwa njia ya heri. Katika miaka ya 1940 meno ya Waswidi yalikuwa mabovu sana, na serikali ikataka kujua sababu. Katika hospitali ya Vipeholm, mjini Lund, walikaa watu wenye ulemavu wa akili. Kuanzia mwaka 1947 waganga waliwalisha baadhi yao sukari kwa namna mbalimbali, na wengine wakapewa tofi za kunata, nyingine zilizotengenezwa makusudi zishike menoni, hata 24 kwa siku. Hawakuombwa ridhaa, wala wengi wao hawakuweza kuitoa. Meno yao yaliharibiwa ili meno ya wengine yapone, na sehemu ya gharama ililipwa na wenye viwanda vya sukari na peremende.

Lililogunduliwa kule ni hili: sukari iliyoliwa pamoja na chakula ilidhuru meno kidogo tu, lakini ile iliyoliwa mara kwa mara kati ya chakula na chakula, hasa inayonata, iliyaharibu vibaya. Vijidudu vya kinywani huigeuza sukari kuwa asidi, na mate yanahitaji nafasi ya kuiondoa asidi hiyo. Asiyeyapa mate nafasi hana meno. Kwa hivi kuanzia miaka ya 1950 wakuu wa afya wa Sweden waliwashauri wazazi wawape watoto peremende mara moja kwa wiki, siku ya Jumamosi. Ushauri ukageuka kuwa desturi. Mpaka leo watoto wa nchi ile hushika mifuko ya karatasi siku hiyo wakachagua peremende zao wenyewe, nao Waswidi wangali wanasifika duniani kwa kupenda peremende. Mimi huona ajabu kwamba furaha ya watoto hao ina deni kwa wagonjwa wasio na majina, kama vile furaha ya meza za Uingereza ilivyokuwa na deni Jamaica.

Pwani yetu haikuhitaji mgao wala hospitali, kwa kuwa ilikuwa na halua. Chakula hiki kilikuja na Waarabu wa Oman, na mpaka sasa Muscat, Unguja, Lamu na Mombasa hupika karibu kwa namna moja. Wanga huvurugwa kwa maji, ukatiwa sukari na samli katika sufuria kubwa ya shaba, kisha hiliki, zafarani, kungumanga na lozi. Mpishi husimama na mwiko mrefu akasonga bila kupumzika, kwa saa mbili au zaidi, maana akiacha kidogo itashika chini na kuungua. Jasho lake ni sehemu ya bei. Kwa sukari na samli zilizomo, hakuna mganga awezaye kuiita halua chakula cha afya, wala hakuna mwenye akili aliyewahi kuila ili ashibe.

Huliwa Idi, huliwa harusini na katika Maulidi, na hupewa mgeni. Jioni za Ramadhani hufuata tende na kaimati, baada ya mchana mzima wa njaa. Namna ya kuila nayo imewekwa. Sahani huwa moja kwa watu wengi, na kila mmoja humega kipande kidogo kwa ncha za vidole. Kisha huja dele la kahawa, nyeusi, isiyo na sukari hata chembe, pengine na tangawizi, ikamiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Uchungu wa kahawa hukata utamu uliobaki mdomoni, na anayetaka kumega tena hungoja kwanza kikombe kipoe. Mazungumzo hujaza nafasi hiyo: habari za shamba, za chombo kilichochelewa, za mtoto wa fulani aliyefaulu mtihani. Sahani huzunguka mara moja, na dele huzunguka mara tatu.